Barua kwa mwalimu mpya wa redio

Malimbe, Mwanza

Mwalimu mwenzangu,

Salaam nyingi, na hongera kwa kukabidhiwa somo la redio hapo Bukoba. Umeniuliza uanze na nini darasani, na kama bado kuna haja ya kuwafundisha vijana redio wakati kila mmoja ana simu mkononi. Hilo la pili halinisumbui. Simu ya kitochi ina redio ndani, haili bando, na chaji yake inakaa siku kadhaa. Mama anayeanika dagaa Igombe hawezi kutazama video huku anageuza dagaa, lakini anasikiliza tangu asubuhi hadi jua linazama. Kazi ipo. Swali ni kama tunawaandaa watu wa kuifanya.

Wengi watakuja kwako wakiamini kwamba redio ni sauti nzuri. Usiwalaumu, maana hata baadhi ya vituo huajiri kwa kigezo hicho. Ila nakusihi: sauti iwe jambo la mwisho kufundisha. Majuma mawili ya kwanza usiwape hata maikrofoni. Kila mmoja asikilize saa moja ya matangazo ya asubuhi, kati ya saa 12 na saa 3, akiwa na kalamu na saa ya mkononi, aandike kila dakika imekwenda na nini: taarifa, muziki, tangazo la biashara, simu za wasikilizaji, au maneno matupu. Siku ya pili abadilishe kituo. Wakikaa pamoja kulinganisha karatasi, wataona wenyewe ni dakika ngapi zilizompa msikilizaji kitu ambacho hakuwa nacho. Somo hilo ukilieleza kwa mdomo halishiki.

Kisha waingie kwenye sentensi, na hapo ukae muda mrefu. Vitabu vya Kiingereza huhesabu maneno matatu kwa sekunde, yaani 180 kwa dakika. Usiipokee hesabu hiyo. Neno letu moja, kama "hatutawapelekea", limebeba sentensi nzima. Kwa msomaji wa kawaida wa Kiswahili mimi huhesabu maneno 110 hadi 120 kwa dakika. Habari ya sekunde 30 basi ni maneno 60 kwenda chini, na kichwa cha habari cha sekunde 10 hakizidi 20. Mwanafunzi aliyeandika maneno 90 kwa sekunde 30 atakimbia, atameza viambishi vya mwisho, na msikilizaji hatajua kama mtu alipiga, alipigwa au alipigiwa.

Tena lugha yetu ina mtego wake hewani. Kiambishi cha nafsi hakionyeshi ni nani. Chukua sentensi hii: "Mwenyekiti wa mwalo alimweleza ofisa uvuvi kuwa alipokea fedha hizo mwaka jana." Nani alipokea? Gazetini msomaji atarudi nyuma kutafuta. Redioni imeshapita, na pengine umemtuhumu mtu asiyehusika. Waambie warudie cheo au jina bila aibu: "Mwenyekiti wa mwalo anasema ofisa uvuvi ndiye aliyepokea fedha." Na sentensi zenye "ambaye" mbili wazikate, kila wazo lipate nukta yake. Tarakimu nazo wazipunguze uzito. Ripoti ikiandika tani 12,480.6 za dagaa, hewani ni "zaidi ya tani elfu kumi na mbili". Saa pia huwaponza. Ratiba ya kompyuta inaandika 19:00, mtangazaji anatakiwa aseme saa 1 usiku, na siku ya haraka utasikia tangazo la mkutano limesomwa kwa tofauti ya saa 6. Skripti ibebe saa ya Kiswahili tu, iandikwe hivyo tangu mezani.

Sasa vifaa. Ndani ya studio mdomo uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni, na maikrofoni ikae pembeni kidogo ya mdomo. Ikikaa mbele kabisa, "p" na "b" zitalipuka. Nje, kwa mfano Mwaloni pale Kirumba penye makuli, mikokoteni na mashine za barafu, wasogee hadi sentimita 10. Kelele ya soko haiondolewi kwenye kompyuta bila kuikwangua sauti ya mtu. Upepo wa ziwa unavuma vizuri kuanzia mchana, na sponji jembamba la maikrofoni haliuzuii. Bora kifuniko cha manyoya, au msemaji asimame na ukuta upande upepo unakotoka. Baada ya kila mahojiano warekodi sekunde 30 za mahali penyewe bila mtu kusema. Bila hizo, viungo vya uhariri vitasikika kama mashimo.

Kiwango cha sauti kwenye kinasa sauti kicheze, kwa desibeli, kati ya −18 na −12, kilele kisivuke −6. Sauti iliyopasuka hairudi. Iliyo chini kidogo unaweza kuipandisha. Wanase kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, kHz 48, chaneli moja. Dakika moja kwa biti 16 inakula takribani MB 6, kwa hiyo mahojiano ya nusu saa hayafiki hata MB 200. Wasiogope ukubwa. Ninachopiga vita ni kurekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kisha kuuweka kwenye MP3, kisha mtambo wa kituo nao kuibana tena. Kila hatua inatupa sehemu ya sauti, na "s" na "sh" zinaanza kuchuruzika kama maji. Wakilazimika kutuma kwa simu, watume faili lenyewe kama dokumenti.

Kuhusu uhariri nina jambo moja la kusisitiza kuliko mengine yote. Kwetu kukana kunakaa katika silabi moja mwanzoni mwa kitenzi. Mwanakijiji akisema "hatutahama", mkono ukateleza sehemu ndogo ya sekunde, inabaki "tutahama". Akisema "sikuridhia", ukikata vibaya imebaki "kuridhia" isiyo na maana, na mwenye haraka ataibandika mahali ikapata maana nyingine. Kila kipande kilichokatwa kisikilizwe kwa hedifoni kuanzia sekunde 5 kabla ya kiungo hadi sekunde 5 baada yake, na rekodi nzima ihifadhiwe. Mwanafunzi akikosea hapo, mimi humrudishia kazi yote, hata kama sehemu nyingine ni nzuri.

Wazee wa vijijini watawajibu kwa Kisukuma, na huko kwenu kwa Kihaya. Waache waseme kwa lugha yao. Hewani sauti ya mzee isikike peke yake sekunde 3 au 4, ishushwe, tafsiri ya Kiswahili ipande juu yake, na mwishoni irudi tena sekunde 2. Msomaji wa tafsiri asiigize kilio wala kicheko cha mzee.

Hata kama chuo chako hakifundishi ufundi, watangazaji wajue mawimbi yao yanafika wapi. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita hadi upeo. Antena iliyo mita 100 juu ya usawa wa ziwa inafika kilomita 41 juu ya maji. Redio ikiwa mita 4 juu unaongeza 8. Ni karibu umbali wa kutoka Mwanza hadi Nansio. Lakini nyuma ya mlima wa mawe hapa hapa mjini, kilomita chache tu kutoka mnarani, redio inaweza kukoroma. Ndiyo maana ramani ya wasikilizaji haichorwi kwa bikari.

Mawe hayohayo yanasumbua waya wa ethi, ule unaoshusha radi ardhini. Ziwa letu lina radi nyingi, na fundi anataka ethi isiyozidi ohmu 10, ila nondo ya shaba haizami kwenye jiwe. Hutandazwa utepe mrefu wa shaba hadi penye udongo, ukazungushiwa bentonaiti inayoshika unyevu. Na mwanafunzi akiingia chumba cha mtambo wa kurusha matangazo, mwonyeshe mita ya nguvu inayorudi kutoka kwenye antena. Mtambo wa wati 500 ukirudisha wati 20 si tatizo. Ukifika 55 baada ya mvua, mara nyingi maji yameingia kwenye kiungo cha kebo kule juu, na kuongeza nguvu ni kuuchoma mtambo.

Umeuliza pia tasnia inakwenda wapi. Tangu sheria ya utangazaji ya 1993 ifungue mlango kwa redio binafsi, vituo vimeongezeka, na Radio Free Africa imeonyesha kwamba kituo cha kusikika nchi nzima kinaweza kukaa Mwanza. Redio jamii nazo zipo, Sengerema kwa mfano. Kinachoniuma ni ripota kukosa mkataba na kutegemea nauli ya anayemwalika. Wafundishe kusoma mkataba na kuuliza malipo kabla ya kuanza, na wafundishe kukataa bahasha wakijua sababu, kwa kuwa anayelipa nauli hutaka kuchagua sentensi ya kwanza.

Wafundishe pia historia ya Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya kwa redio ya 1973. Watu wapatao milioni 2 walifikiwa, vyoo vikachimbwa, na watu huitaja kama ushindi wa redio. Redio ilikuwa nusu yake. Kulikuwa na vikundi vya kusikiliza, viongozi waliofunzwa, vijitabu, na ratiba ya majuma 12. Kipindi kikiisha, kikundi kilijadili na kuamua la kufanya kabla ya kutawanyika. Kipindi cha afya cha leo chenye daktari na simu tatu hakina mahali pa kutua. Wanafunzi wako wakibuni kipindi, waulize nani atakisikiliza pamoja na nani, na saa ngapi. Utabiri wa upepo na mawimbi ukisomwa saa 2 usiku, mvuvi wa dagaa keshaingia ziwani na taa zake. Usomwe saa 10 jioni, anapotengeneza nyavu.

Sasa hicho chumba mnachotaka kukifanya studio. Msinunue trei za mayai. Hazizuii sauti, na sauti nzito haziguswi kabisa. Mapazia mazito, magodoro ya sufi kwenye pembe na rafu za vitabu vinasaidia zaidi. Nipimie urefu, upana na kimo. Kikiwa mita 3 kwa 3 kwa 3 kitavuma kwa nguvu karibu na Hz 57 na 114, na hiyo ya pili inaangukia kwenye sauti za wanaume, hivyo itabidi tuhamishe ukuta mmoja hata kwa nusu mita. Niambie pia dari ni la nini. Kama ni mabati matupu, kwa mvua za Bukoba hamtarekodi nusu ya mwaka. Fedha ya kwanza iende kwenye dari la jipsamu lenye nafasi ya sentimita 20 na sufi juu yake, kabla ya kununua maikrofoni hata moja.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
wa Malimbe