YAH: MALALAMIKO – KUFUNIKWA KWA DATABESI YETU NA BAKAPU YA ZAMANI

Ndugu Meneja wa kampuni inayohifadhi tovuti yetu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Usiku wa kuamkia Jumatano mlipandisha PHP ya seva yetu (lugha ya programu inayoendesha tovuti) kutoka toleo la 7.4 hadi 8.1 bila taarifa. Hatupingi kupandisha, toleo la 7.4 limeachwa tangu Novemba 2022. Tunapinga kilichofuata.

Plagini yetu ya fomu (programu ndogo ya nyongeza) ilikuwa bado inatumia create_function, amri iliyoondolewa katika PHP 8.0, hivyo tovuti nzima ikazimika. WordPress yenyewe, mfumo uliojenga tovuti yetu, ikatuma barua pepe inayoitaja plagini hiyo kwa jina. Saa 2:10 asubuhi tulimpelekea mhudumu wenu barua hiyo na maelekezo: aingie wp-content/plugins, abadilishe jina la folda moja, basi. Sisi tusingeweza, cPanel (paneli ya kusimamia tovuti) mlikuwa mmeifunga.

Yeye akarudisha bakapu (nakala ya akiba) ya wiki tatu nyuma juu ya databesi (hifadhidata) iliyo hai. Hakuuliza. Kisha akaandika: "Tayari, jaribu sasa." Tukajaribu. Kosa lile lile, maana bakapu ilikuja na plagini ile ile na PHP ilikuwa bado 8.1.

Oda 41 zimepotea, na makala 6. Picha za makala hizo zipo, zimebaki kwenye folda ya uploads kama viatu mlangoni visivyo na wenyewe, kwa sababu maandishi na oda hukaa kwenye databesi. Na Jumatatu tuliwauliza kama kuna mabadiliko yoyote wiki hii, mkajibu hakuna.

Turudie, kwa kuwa tiketi mmeifunga kama "imetatuliwa". Jina la plagini alikuwa nalo. Folda alionyeshwa. Bado akafunika oda za wateja bila hata kutoa kwanza nakala ya kilichokuwepo, wakati amri moja ya mysqldump, inayotoa nakala ya databesi, ingetosha. "Tayari, jaribu sasa"!

Tunaomba bakapu ya usiku ule ule wa kuamkia Jumatano, kabla siku zenu 7 za kufuta bakapu hazijatimia. Tafadhali msiirudishe wenyewe. Tupeni faili ya .sql (nakala ya databesi), jedwali la makala wp_posts na majedwali ya oda tutayachomoa sisi. Mturudishie na ada ya mwezi huu. La, ya miezi mitatu. Ijumaa saa 10 jioni ikipita bila faili, tutadai msimbo wa kuhamisha domeni, na suala la taarifa za wateja litafika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wenu,
Msimamizi wa Tovuti