Pampu ya maziwa ya kuvaa: lete kipimo kabla ya kuuliza bei

Dada mmoja, nesi wa zamu za usiku, alirudisha pampu dukani kwetu hapa Mwanza akiwa amefura. Alikuwa ameitumia siku nne. Kila akikamua dakika ishirini, maziwa yanafunika kitako cha kikombe tu, na chuchu inawaka moto. Mtoto akinyonya mwenyewe anashiba mpaka anacheua. "Mmeniuzia kibovu," akasema. Tukaiwasha mbele yake, ikavuta sawasawa. Ndipo mmoja wetu akachukua rula. Chuchu yake ilikuwa na upana wa milimita 16, na tundu la kikombe tulichomuuzia lilikuwa la milimita 24.

Kosa lilikuwa letu. Siku ile tulimuuliza anapenda rangi gani, saizi hatukuigusa.

Pampu ya kuvaa ni ile ambayo mota, betri na kikombe cha kukusanyia maziwa vimeshikana, vyote vinakaa ndani ya sidiria. Hakuna waya wala mrija. Nyingi zinakuja na tundu la milimita 24 kwa sababu kiwandani wanachagua saizi moja ya kuuza dunia nzima. Wakati mwingine wanaweka pia vipira vya silikoni vya kupunguza tundu hilo, na watu wengi huvitupa pamoja na boksi wakidhani ni vya kufungashia. Usivitupe.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Fanya kabla ya kunyonyesha au kukamua, maana baada ya hapo chuchu huwa imevimba kidogo. Weka rula kwenye shina la chuchu yenyewe, upime upana wake. Ule weusi unaoizunguka hauhesabiki. Ongeza milimita moja hadi tatu, hiyo ndiyo saizi yako. Pima pande zote mbili, maana zinaweza kutofautiana. Ukubwa wa titi hauna uhusiano wowote na hili. Tumewahi kuuza kikombe kidogo kabisa kwa mama mwenye kifua kikubwa, naye alicheka kuliko sisi.

Tundu likiwa kubwa mno, ule weusi unavutwa ndani pamoja na chuchu, titi linauma na maziwa hayatoki yote. Likiwa dogo, chuchu inasuguana na ukuta na inaweza kutoka nyeupe kwa kubanwa. Mama akiona maziwa machache anaongeza nguvu ya mashine mpaka mwisho, na hapo anazidi kujiumiza. Tazama mtoto anavyofanya: anaanza kwa kunyonya harakaharaka na kwa wepesi, maziwa yakishuka anavuta polepole na kwa kina. Pampu nzuri ina hatua hizo mbili. Anza na ile nyepesi, kisha panda hadi pale unapohisi inavuta bila maumivu, ubaki hapohapo.

Wanaotutafuta zaidi ni wanaorudi kazini, na tunawaelewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kliniki wanasisitiza maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Siku 84 hazifiki hata miezi mitatu! Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akupe hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku, ndani ya muda wa kazi, na wengi hawazidai kwa sababu hawajui kama zipo. Kwa anayekaa Mkuyuni na kufanya kazi mjini, saa hizo zinamtosha kwenda nyumbani na kurudi. Mwalimu anayelala Nyegezi na kuvuka daraja la Kigongo–Busisi kila asubuhi, huyo pampu inamfaa.

Lakini hatumuuzii kila anayeingia. Mama anayeanika dagaa Igombe anainama kutwa, na kikombe cha kuvaa ukiinama sana kinamwaga. Huyo tunamshauri akamue kwa mkono kwenye kikombe safi chenye mdomo mpana, kama wanavyofundisha kliniki. Hana gharama ya betri, na akishazoea anakuwa mwepesi. Mwenye mtoto njiti ambaye bado hanyonyi vizuri naye asianze na hii. Anahitaji mashine yenye nguvu zaidi, ya kukamua matiti yote mawili kwa pamoja, na aongozwe na wauguzi wake.

Ukishakamua, shida inayofuata ni joto. Kipimo kinachotajwa ni saa nne nje ya friji, lakini hapo wanazungumzia joto lisilozidi nyuzi 25. Mchana wa Mwanza unapita hapo mara nyingi. Kwa hiyo usihesabu saa nne, yaweke kwenye baridi mara tu unapomaliza. Deli dogo lenye barafu ngumu linatunza maziwa hadi saa 24, hata ukiwa kwenye meli ya kwenda Nansio. Kwenye friji yanakaa hadi siku nne, ila umeme ukikatika usifungue mlango kila saa kuyachungulia.

Usafi hauna njia ya mkato. Kila ukimaliza, fungua vipande, osha kwa maji safi ya moto na sabuni kwenye beseni la kazi hiyo tu, uviache vikauke vyenyewe juu ya kitambaa safi. Mtoto akiwa chini ya miezi miwili, chemsha vipande dakika tano kila siku. Mota haiingii majini. Tumeshaletewa mbili zilizochemshwa nzimanzima. Na pampu ya shoga yako, hata akikupa bure, usiipokee kama hujui imejengwaje. Kuna ambazo maziwa yanaweza kupenya hadi kwenye mota, na humo hakuna brashi inayofika.

Pampu ikipungua nguvu baada ya miezi miwili mitatu, usikimbilie kununua nyingine. Tazama kwanza vali, kile kipira kidogo chenye mdomo kama wa bata. Mdomo ukilegea au ukichanika, mvuto unapotea. Njoo nayo mkononi tulinganishe, maana ya aina moja haiingii kwenye nyingine.

Yule nesi tulimpa kipira cha milimita 17 bila malipo. Wiki iliyofuata alirudi kununua deli.