Na hawa wanaopatanisha wenzao skuli, basari yao iko wapi?

Mhariri,

Juzi nlikuwa skulini kwa mwanangu siku ya kutoa zawadi, nikafunga biashara yangu ya viazi karai nikijua saa nane tutakuwa tushamaliza, wapi, mgeni wa heshima kaja saa saba na hotuba ndefu kama foleni ya feri. Wa kwanza hesabu akapewa thamosi, wa kemia thamosi, wa Kiingereza thamosi na kamusi juu yake, wa mpira wakapewa jezi. Mimi nangoja nisikie jina la kijana mmoja ambaye binti yangu haishi kumtaja nyumbani, halikutajwa. Mwishoni mwalimu akasema tu na wale wanaoleta umoja tuwapigie makofi, tukapiga, basi.

Huyo kijana yuko kidato cha tatu. Mwaka jana aliingia mwanafunzi kutoka Turkana, Kiswahili chake ndo kile cha huko kwao, akifungua mdomo darasa zima linaangua kicheko, na hapa Mombasa tunajijua, mtu akikosea ngeli tunamcheka mpaka anajuta kuzaliwa. Ikafika mahali mtoto hasemi kabisa, hata ruhusa ya choo anaomba kwa mkono. Ndo kijana wetu akaanzisha mambo yake, kila Ijumaa saa ya mapumziko chini ya mwarobaini mtu mmoja anawafundisha wenzake maneno kumi ya kwao na sheria ni moja tu, anayeruhusiwa kucheka ni yule anayefundisha. Wa kwanza akamweka yule Mturkana. Binti yangu anasema walivyohangaika na yale maneno ndimi zimekwama, mtoto alicheka siku hiyo mpaka akashika tumbo. Jioni niko kwenye karai nageuza viazi nasikia mtu nyuma yangu "Ejoka!" nikadhani mteja kalewa, kumbe binti yangu ananisalimu Kiturkana. Wiki ya pili ikawa Kigiriama, mara Kisomali, mara Kiluo, kuna na Mhindi mmoja akafundisha Kigujarati, na sai wanaokula pamoja ni wale wale waliokuwa hawapeani hata salamu.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya watoto. Mimi 1997 nlikuwa darasa la sita hapa hapa Likoni. Agosti ile kituo cha polisi kilivamiwa, wabara wakaambiwa warudi kwao, watu zaidi ya 100 wakauawa na maelfu wakahama. Jirani yangu wa deski, mamake alikuwa akiuza omena, waliondoka godoro kichwani na sikumuona tena mpaka leo. Rula yake ya mbao ilibaki kwangu, jina lake kaliandika kwa biki. Na kabla ya hapo darasani tulikuwa tukiitana mbara na mpwani mchana kutwa, walimu wanasikia, hakuna aliyetukanya.

Sasa ombi langu ni kwa wale wanaogawa basari. Nimejaza fomu za kaunti, nimejaza za CDF, ule mfuko wa eneobunge, sahihi ya chifu, ya imamu au mchungaji, wazazi wako hai au la, kazi gani, mtoto kapata pointi ngapi. Mtoto anaishije na wenzake, hizo nilizojaza mimi hazikuuliza. Wasiojiweza wabaki mbele, hilo sibishi manake mimi mwenyewe nimo, lakini kila wadi itenge japo nafasi mbili za watoto kama huyu. Chuo cha Princeton kule Marekani kilianzisha tuzo ya hivi mwaka 2003, ni ya wanafunzi wa sekondari wanaosaidia watu wa rangi tofauti waelewane, na pesa imo. Kwetu Katiba ya 2010 kifungu cha 27 kimekataza kubaguana kwa kabila, dini na lugha, tume ya taifa ya uwiano na utangamano nayo ina klabu za amani mashuleni, vizuri sana, ila cheti cha klabu bwana bursa anayepokea karo hakipokei.

Najua wajanja watatokea, watoto watakumbatiana mbele ya simu wapigwe picha ili wapate karo. Basi tusiwaachie wakuu wa shule peke yao kuchagua, waulizwe wanafunzi wenyewe kwa kura ya siri, aulizwe na mpishi, aulizwe na askari wa getini, hao ndo wanaona nani anakaa na nani wakati mwalimu hayuko. Na ipewe kwa jambo la mwaka mzima, si la wiki moja.

Thamosi wamwachie wa kemia. Kijana wetu muhula huu ashafukuzwa karo mara mbili, na ile mara ya pili, binti yangu anasema, Ijumaa ilifika na chini ya mwarobaini hakukaa mtu.

Mama muuza viazi,
Likoni, Mombasa