Mdogo wangu, bei niliyolipa mimi siyo utakayolipa wewe

Mdogo wangu, assalaam aleikum. Voisi yako ya dakika kumi na moja nimeisikiza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa ndani ya gari nje ya kliniki na ya pili usiku watoto washalala, na nimeona nisikujibu kwa voisi manake haya mambo yana hesabu nyingi na wewe ukitoka shifti ya usiku ya kuhudumia wazee kichwa huwa hakiko. Halafu mko wengi mnaoniuliza swali hilo hilo, kwa hiyo naliandika wazi, na wengine wasome.

Umesema wataka kuaplai kozi ile ile niliyosoma mimi hapa Marekani, ya kuingia moja kwa moja. Yaani una digrii ya kitu kingine, wewe biashara, mimi ilikuwa ualimu, hujawahi kuwa nesi, unaingia chuo unasomeshwa unesi mbio mbio mwaka mmoja na kidogo, unafanya mtihani wa leseni, NCLEX, unakuwa RN, yaani nesi aliyesajiliwa, halafu unaendelea miaka kama miwili unamaliza masta na kutoka NP, nesi mwenye ruhusa ya kupima mgonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Miaka mitatu hivi kwa jumla. Ukasema "dada si wewe uliweza, mimi nitashindwaje?" Hutoshindwa, akili unayo na kazi waijua, hilo halinisumbui hata kidogo. Linalonisumbua ni pesa, na sijui kama kuna mtu amekaa na wewe akakupigia hesabu.

Mimi niliingia 2017. Wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa na mikopo miwili kwa watu wa masta. Wa kwanza ni ule wa kawaida, dola 20,500 kwa mwaka. Wa pili ukiitwa Grad PLUS, na huo ulikuwa unaziba pengo lote lililobaki mpaka kodi ya nyumba na chakula, chuo kikisema mwaka huu utatumia 60,000 basi unakopeshwa mpaka zifike hizo 60,000. Riba ilikuwa asilimia 6 kwa wa kwanza na 7 kwa wa pili. Nilitia sahihi kwenye kompyuta ya maktaba, haikuchukua hata nusu saa, nikarudi kusoma anatomia. Nilipomaliza deni lilikuwa dola 138,000, na sikumwambia mama mpaka ulipopita mwaka mzima.

Sasa sikiza vizuri. Sheria iliyotiwa sahihi Julai 4, 2025 imeufunga Grad PLUS kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026. Waliokuwa washaanza kukopa kwa kozi zao wameachiwa muda wa kumalizia, lakini wewe ndo kwanza unaanza, wewe haumo. Wanaoanza wamegawanywa mafungu mawili: kozi za masta za kawaida ni 20,500 kwa mwaka na mwisho wake 100,000, na zile wanazoziita kozi za taaluma ni 50,000 kwa mwaka mpaka 200,000. Novemba 2025 kamati iliyokaa na Wizara ya Elimu kuamua nani yuko fungu gani ikatoka na orodha yake. Udaktari umo, meno imo, famasia imo, sheria imo, hata theolojia imo. Unesi haumo! Manesi nchi nzima walipiga kelele, na mimi niliandika barua kwa mbunge wangu, na mpaka leo nikilifikiria nahisi moto kifuani, kwa sababu watakaofungiwa mlango ni watu kama wewe, wanaogeuza wazee usiku kucha halafu wataka kusonga mbele.

Kwa hiyo tupige hesabu. Kozi hizi kwenye vyuo binafsi vinavyosifika, ukijumlisha ada, nyumba, chakula, bima na vitabu, miaka mitatu ni rahisi kupita dola 150,000. Mkopo wa serikali kwa 20,500 mara tatu ni 61,500. Pengo ni 88,500. Hilo pengo mwenzangu litazibwa na nani? Benki watakukopesha, lakini wataka mtu wa kukudhamini, na wewe una miaka miwili tu hapa, kwa hiyo utamwomba nani, ami? Ami mwenyewe analipia nyumba. Na mkopo wa benki hauna huruma ya serikali, hakuna kulipa kulingana na mshahara, hakuna kusamehewa baada ya malipo 120 ukifanya kazi kwenye hospitali isiyo ya faida. Hata huo wa serikali riba yake imepanda, kwa mwaka wa masomo 2025-26 ilikuwa asilimia 7.94, na inaanza kuhesabika siku pesa zinapotoka, wewe bado uko darasani. Deni la laki moja kwa asilimia 8 ni dola 8,000 kwa mwaka, karibu 670 kila mwezi, na hapo hujagusa deni lenyewe.

Na kuna jambo la riba kwa upande wa dini. Umelitaja haraka haraka mwisho wa voisi kama mtu anayeona haya kuuliza. Usione haya. Mimi nilikopa, na moyo haukutulia, na sitokupa fatwa hapa, muulize shekhe unayemwamini. Ninachoweza kukupa ni habari za mlango usio na riba, ambao mimi nilikuja kuujua nishachelewa.

Unaitwa Nurse Corps Scholarship, ni wa serikali, chini ya HRSA, idara yake ya huduma za afya. Ukipata, wanalipa ada yote, wanakupa pesa za vitabu na posho ya kila mwezi, na wewe unalipa kwa kazi, si chini ya miaka 2 kwenye kituo chenye upungufu mkubwa wa manesi. Kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, inatosha, si lazima uraia. Wanawatanguliza wenye uhitaji mkubwa, na uhitaji wanausoma kutoka kwenye FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa pesa za masomo, kwa hiyo jaza FAFSA hata kama hutaki kukopa shilingi. FAFSA ni bure. Mtu akikwambia umlipe akujazie, kata simu. Ila usivunje ule mkataba wa kazi, ukivunja unarudisha pesa zote pamoja na riba.

Mimi skolashipu sikuipata kwa sababu sikuomba, sikujua. Niliyoipata ni ndugu yake, ya kulipiwa deni ukishamaliza: miaka 2 kazini kwenye kliniki ya watu wa kipato cha chini, wakanilipia asilimia 60 ya deni la unesi, na kodi inakatwa humo humo. Mwaka wa kwanza nilikosa, wa pili nikapata. Nililia kwenye choo cha wafanyakazi siku ile.

Sasa ushauri wangu, na najua hutoupenda. Usiende moja kwa moja kwa u-NP isipokuwa umepata skolashipu ya maana. Kuwa RN kwanza. Komyuniti koleji ya hapo kwenu Ohio ina kozi ya miaka miwili kwa pesa ndogo mno ukilinganisha na vyuo vile, na ukimaliza unafanya NCLEX ile ile, mtihani hauulizi ulisoma wapi. Ama ile ya digrii ya pili ya haraka, miezi 12 mpaka 16, ila hiyo uangalie bei kwa makini, nyingine ni ghali kama masta. Nurse Corps inalipia hizi pia. Ukishakuwa RN mshahara unaingia: kwa takwimu za serikali za Mei 2023, mshahara wa katikati wa RN ulikuwa dola 86,070 kwa mwaka, na wa NP 126,260. Hospitali nyingi zinasaidia ada ya wafanyakazi, mwajiri aweza kukupa mpaka 5,250 kwa mwaka bila kodi, na unasoma u-NP pole pole, darasa mbili kwa muhula. Itachukua miaka sita badala ya mitatu. Lakini hiyo miaka ya u-RN si ya kupotea, nakwambia mimi niliyeiruka. Nilivyoanza kazi ya NP sikuwa nimewahi kukaa peke yangu na mgonjwa anayezidiwa saa nane usiku, na mwaka wa kwanza nilikuwa naenda kazini tumbo linanikata.

Kuna mtu atakwambia uifiche digrii yako ya nyumbani kwenye FAFSA ili upate Pell, ile pesa ya bure ya wanaosoma digrii ya kwanza. Usithubutu. Digrii ya Kenya inahesabika, na kudanganya kwenye fomu ya serikali na wewe una kadi ya kijani ni kuchezea makazi yako.

Na yule mama uliyekutana naye harusini mwenye "shule ya miezi michache unatoka RN", achana naye kabisa. Januari 2023 serikali ilishtaki watu 25 kwa kuuza diploma za unesi za uongo zaidi ya 7,600 kutoka shule tatu za Florida. Walionunua walifuatwa mpaka walipokuwa wakifanya kazi, na waliokuwa wamefaulu NCLEX hawakunusurika kwa hilo. Shule yoyote, kwanza angalia kama kozi yake ina ithibati ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua kozi za unesi, na kama bodi ya manesi ya jimbo lako inaitambua. Halafu ndo uulize ada.

Kuhusu aplikesheni yenyewe, iwe ya RN iwe ya NP, kinachochelewesha watu wetu ni makaratasi ya nyumbani. Transkripti yako lazima itoke chuoni kwenda moja kwa moja kwa WES, shirika linalolinganisha vyeti vya nje na vya Marekani, si kupitia mkononi mwako. Mimi yangu aliichukua kaka, akaifungua bahasha aone kama ndiyo, maskini kwa nia njema, ikakataliwa, na mwaka mzima wa kuaplai ukanipita. Anza sasa. Na majina! Kwenye digrii una majina matatu, kwenye kadi ya kijani yamegeuzwa, kwenye pasi mengine. Yaweke sawa mapema, ama uwe na hati ya kiapo.

Masomo ya kutangulia wanayotaka vyuo vingi ni anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, maikrobiolojia, takwimu, kemia mara nyingi, lishe, na saikolojia ya ukuaji. Kwenye biashara takwimu ulisoma, lakini vyuo vingine havikubali somo likipita miaka mitano ama saba, kwa hiyo uliza kabla hujalipia darasa. Yachukue hapo hapo komyuniti koleji, moja moja, na usikubali kupata C kwenye anatomia, bora upunguze shifti.

Insha uliyonitumia nimeisoma. Umeandika "tangu utotoni nimependa kusaidia watu". Ifute hiyo. Andika ile habari uliyonipa ya yule bibi aliyekuwa amebadilika ghafla, anaongea maneno yasiyoeleweka, wengine wakasema ni uzee tu, wewe ukasema hapana, jana alikuwa sawa, mpimeni mkojo, na wakakuta maambukizi. Hiyo ndiyo kazi ya nesi hasa. Unajua u-NP wenyewe ulianzaje? Mwaka 1965 huko Colorado, nesi wa afya ya jamii Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver waliona watoto hawana daktari karibu, wakaanza kuwasomesha manesi wawapime wao. Ford amefariki Januari 2025 akiwa na miaka 104. Alianza kwa kuona pengo mbele ya macho yake, na wewe usiku ule uliliona lako.

Na wakikutaka kipimo cha TB kwa ajili ya chuo, omba cha damu. Sisi tulichanjwa BCG, chanjo ya TB, tukiwa wachanga, kile kipimo cha sindano ya ngozi kinaweza kutuvimba hata kama huna TB, halafu waanza kuhangaishwa na eksirei.

Siku ukifika kwenye u-NP, swali la kwanza kwa chuo liwe hili: nani ananitafutia prisepta, yaani NP ama daktari wa kukaa naye kliniki kwa zile saa za mazoezi? Kozi nyingi za onlaini zinakuachia utafute mwenyewe, na nimeona wenzangu wakisimamisha masomo muhula mzima kwa kukosa mtu, ama wakilipa pesa kutoka mfukoni.

La nyumbani sasa. Hili ndilo gumu kuliko yote. Unatuma dola 400 kila mwezi, ada ya mdogo wetu, dawa za mama mdogo, na michango ya harusi na matanga juu yake. Kozi ya mbio huwezi kuisoma huku unafanya saa arubaini. Waambie kabla hujaanza, usisubiri ukwame. Mimi sikuwaambia, nilipopunguza kutuma wakadhani nimeolewa kisiri ama nimesahau kwetu, na maneno yaliyosemwa yalichukua muda kupoa. Mama mdogo ni mwelewa. Mpigie wewe mwenyewe, mwambie miaka miwili itakuwa dola 150, za dawa zake tu, na ya mdogo wetu nitaichukua mimi.

Bili ya WES pia nitalipa mimi, usibishane. Nitumie picha ya digrii na ya kadi ya kijani pande zote mbili, lakini usitume kwenye grupu la familia. Jumapili ukitoka shifti lala kwanza, halafu nipigie baada ya adhuhuri, tufungue ile tovuti ya Nurse Corps pamoja tuone mwaka huu wanafungua lini.