Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Watano Waliovuka Mpaka

Ndugu wanachama, wazee waanzilishi wa klabu yetu ya riadha hapa Kigoma, makocha wetu, na wazazi mlioacha biashara zenu asubuhi hii kuja kutusikiliza, karibuni.

Hesabu atazisoma mhazini, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu, kwa hiyo hayo mawili siyagusi. Jezi zimefika na zimegawiwa. Muda wangu nautumia kwa watu watano.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu klabu ianze, wanachama wetu watano wameshindana nje ya Tanzania. Wawili walikimbia nusu marathoni Bujumbura, mmoja alikwenda Nairobi kwa mita 5,000, na mabinti wawili walikwenda Kampala kwenye mashindano ya wazi ya uwanjani. Hakuna aliyerudi na medali. Nalisema mapema ili mtu asije akakaa akiisubiri hadi mwisho. Walichorudi nacho nakithamini sana, na baadhi ya walichorudi nacho kimetuumiza, mimi kwanza.

Nianze na Bujumbura, maana ndiyo iliyotupa moyo. Vijana wetu, mmoja wa Kibirizi na mwingine wa Ujiji, walipanda gari hadi Manyovu, wakagongewa mihuri, wakavuka kwenda Mugina upande wa Burundi, kisha wakateremka hadi ufukweni na kulifuata Ziwa Tanganyika kupitia Nyanza-Lac na Rumonge mpaka mjini. Waliporudi niliwauliza ni kitu gani kiliwashangaza. Yule wa Kibirizi akanijibu, "Mwenyekiti, mimi sikuona ugeni." Nikamwelewa. Ziwa ni hilihili letu, liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari kule kama hapa, na joto lake lenye unyevu linaanza kuchoma saa tatu asubuhi kule kama hapa. Jioni waliletewa samaki wanaoitwa mukeke, wakafunua sahani wakakuta migebuka. Ndagala waliyouziwa sokoni ni dagaa wetu. Na kwa kuwa wote wawili wamelelewa na bibi zao kwa Kiha, lugha iliyo ndugu na Kirundi, watu wa kandokando ya barabara walipowapigia kelele "Komera! Komera!" hawakuhitaji mkalimani wa kuwaambia wanatiwa nguvu.

Wa Kibirizi alimaliza wa tisa kwa saa 1 na dakika 7. Anayedhani nafasi ya tisa ni ndogo akumbuke Burundi ni nchi ya nani. Vénuste Niyongabo alichukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 kule Atlanta mwaka 1996, na Francine Niyonsaba alichukua fedha ya mita 800 Rio mwaka 2016. Kukimbia bega kwa bega na vijana waliokua wakiwasikia hao ni kazi ya kiume, na kijana wetu ameifanya. Wa Ujiji alikuwa naye hadi kilomita ya 12, akachukua maji mezani, akapaliwa, akasimama. Akamaliza, lakini nyuma sana. Hakuwahi hata siku moja kunywa maji akiwa anakimbia, kwa sababu sisi mazoezini tunakunywa tukishamaliza. Tangu mwezi wa tisa tunaweka meza ya maji barabara ya Ujiji kila Jumamosi. Nawashukuru akina mama wanaoisimamia.

Nairobi nitaieleza kwa kifupi, kisha nitairudia. Kijana wetu wa mita 5,000 ndiye aliyekuwa na muda mzuri kuliko wote katika kitabu chetu cha rekodi: dakika 14 na sekunde 20. Alikwenda akijua hivyo, akaondoka na kundi la mbele kwa kasi hiyo. Mzunguko wa sita pumzi ikakata. Alimaliza kwa dakika 15 na nusu, akiwa wa pili kutoka mwisho, akarudi kimya, na kwa wiki tatu hakuja mazoezini. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 1,000 juu yetu. Hewa ya kule ni nyepesi, na mtu wa ziwani akienda siku mbili kabla ya mbio mwili wake haujapata nafasi ya kuizoea. Tulijieleza hivyo, na ni kweli. Lakini haukuwa ukweli wote.

Sasa Kampala.

Binti yetu wa mita 800 mnamfahamu. Mama yake anauza mawese soko la Mwanga. Baba yake mkubwa hakutaka kusikia habari ya msichana kulala nchi ya watu, na akina mama watatu wa klabu hii walikwenda kwake mara tatu, mara ya tatu wakiwa na jina la hosteli, namba ya simu ya mwenyeji na mama mmoja aliyejitolea kusafiri naye. Mzee akakubali. Namshukuru hadharani, kwa sababu maswali aliyotuuliza yalikuwa ya haki, na sasa tunayajibu kabla hatujaulizwa na mzazi mwingine.

Alipangiwa njia namba 6. Hapa kwetu mita 800 tunaianza wote kwa pamoja, kwenye mstari mmoja uliopinda, bunduki ikilia kila mtu anakimbilia ndani. Kwenye mashindano makubwa haiko hivyo. Kila mmoja anaanzia ndani ya njia yake, yenye upana wa mita 1.22, anakimbia kona nzima ya kwanza bila kuiacha, na baada ya kona kuna mstari uliochorwa kukata uwanja. Ukiuvuka huo ndipo unaruhusiwa kuingia ndani. Kocha alikuwa amemweleza. Alimweleza kwa mdomo, usiku, hostelini. Binti akatoka vizuri, akakimbia kona akiwa na wa kwanza, na hatua chache kabla ya ule mstari miguu ikafanya ilichozoea kufanya miaka minne kwenye uwanja wetu: ikaingia ndani. Mwamuzi akainua bendera ya njano, ishara ya kosa. Yeye hakuiona. Alikimbia mbio nzima kwa moyo wake wote, akamaliza wa nne, akakaa chini akisubiri jina lake lisomwe, na halikusomwa.

Kosa hilo ni letu, na naomba liandikwe hivyo katika kumbukumbu za mkutano huu. Mtoto huwezi kumfundisha kwa maneno jambo ambalo miguu yake haijawahi kulifanya.

Saa ya kocha ilisoma dakika 2 na sekunde 14. Binti alipoambiwa, ndipo alipolia kweli. Kitabu chetu kilikuwa kimemwandikia dakika 2 na sekunde 11. Alisema, "Kumbe nimerudi nyuma." Akamwambia mama yake kwa simu kwamba safari nzima ilikuwa ya bure.

Kocha hakulala. Alijua alichokiona: binti yule hakuwahi kukimbia vile. Aliporudi Kigoma akaazima utepe wa mita 50 kwa fundi ujenzi mmoja wa Gungu, tukaenda uwanjani watu sita, tukapima njia ya kwanza kama inavyotakiwa. Kwa uwanja usio na ukingo ulioinuka upande wa ndani, unapima sentimita 20 nje ya mstari wa ndani, maana hapo ndipo mguu wa mkimbiaji unapopita. Tulipima mara tatu. Mara zote tatu mzunguko ulitoka mita 386.

Mita 14 zilikuwa hazipo. Nadhani zilipotea kidogo kidogo. Kona ya upande wa mwembe ilivutwa ndani kukwepa mizizi, kona ya pili ikavutwa ndani kukwepa dimbwi la masika, na kila mwaka aliyechora chokaa alifuata alama za mwaka uliopita. Hakuna aliyedanganya. Lakini kila muda ulioandikwa katika kitabu kile una saini yangu pembeni, na sikuwahi kuuliza.

Tazameni maana yake. Mita 800 zetu zilikuwa mita 772. Zile dakika 2 na sekunde 11 za binti yetu, ukizinyoosha hadi mita 800 kamili, zinakaribia dakika 2 na sekunde 16. Kwa hiyo Kampala, kwenye tartani, ile sakafu ya mpira ya viwanja vikubwa, aliyoikanyaga kwa mara ya kwanza maishani, alikimbia kasi kuliko siku yoyote aliyowahi kukimbia. Nilikwenda mwenyewe Mwanga kumwambia, mbele ya mama yake. Nafurahi kuwaambieni kwamba kesho yake alikuwa uwanjani saa kumi na mbili kasoro.

Na kijana wetu wa Nairobi? Kwenye mita 5,000 upungufu ulikuwa mita 175. Zile dakika 14 na sekunde 20 zilikuwa karibu na dakika 14 na sekunde 50. Tulimtuma mtu kwenye mwinuko asiouzoea, akiwa na kasi isiyo yake kichwani, halafu tukamwacha ajilaumu. Nilimwomba radhi nyumbani kwao, na leo ninarudia mbele yenu. Wale wawili wa Bujumbura hawakupatwa na haya kwa sababu wao hufanya mazoezi barabarani, kwenye alama za kilomita zilizowekwa na watu waliopima.

Wengi wenu mlikesha usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15 Septemba, Alphonce Simbu alipokuwa akikimbia marathoni ya dunia kule Tokyo. Kilomita 42 na mita 195, na mwishowe yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wakaandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ndiyo iliyoamua, kwa tofauti ya sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza kabisa ya mashindano ya dunia ya riadha. Nilipiga kelele nikawaamsha majirani. Na asubuhi nilipotulia nikafikiria uwanja wetu. Wenzetu wanapima hadi kipande cha sekunde, sisi tulikuwa tumepoteza mita 14.

Binti wa pili wa Kampala ni wa mkuki. Kwa miaka miwili amekuwa akirusha mwanzi aliochongewa na seremala, na mkuki halisi wa wanawake, ule wa gramu 600, aliushika mara ya kwanza asubuhi ya shindano. Mirusho miwili ya kwanza ilitua mkia kwanza, haikupimwa. Wa tatu ulitua kichwa, ukapimwa, lakini haukutosha kumwingiza kwenye nane bora wanaopewa mirusho mingine mitatu. Hakulalamika hata kidogo. Mimi nalalamika kwa niaba yake, kwa sababu medali ya kwanza ya kimataifa ya riadha ya nchi hii ililetwa na mwanamke mrusha mkuki, Theresia Dismas, aliyechukua fedha Brazzaville mwaka 1965, na miaka 60 baadaye klabu yetu haina mkuki hata mmoja. Kamati imekubali kuununua kabla ya kitu kingine chochote. Sherehe ya kuagana tuliyoizoea kila timu inaposafiri itakuwa chai na mihogo mpaka mkuki upatikane.

Nyaraka. Pasipoti ni shilingi 150,000, na kwa familia nyingi hapa hizo ni fedha za ada ya shule. Napendekeza klabu itoe nusu kwa kila mwanariadha aliyefikia viwango, na nusu ailipe yeye kidogo kidogo. Asiye na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, aanze leo. Kadi ya homa ya manjano vilevile. Na kibali cha shirikisho la taifa cha kushindana nje tuombe mapema. Mwaka huu tuliomba tukiwa tumechelewa kila safari, na kwa Kampala kilitufikia tukiwa tumeshafunga mizigo. Uzembe huo ulikuwa wa ofisi yangu.

Kuhusu mwinuko, kocha anataka wakimbiaji wa mbio ndefu wakakae milimani upande wa Manyovu wiki tatu kabla ya safari yoyote ya Nairobi. Wazazi watatu wenye ndugu kule wamejitolea vyumba. Chakula tutachanga.

Kitabu cha zamani cha rekodi sikukichoma kama alivyoshauri mjumbe mmoja. Kiko kabatini, kimefungwa kwa kamba, na juu yake nimeandika "mita 386". Kipya kimefunguliwa, na ukurasa wake wa kwanza una mstari mmoja tu: binti yetu, mita 800, 2:14, Kampala. Waamuzi waliufuta, na pembeni tumeandika kwamba ulifutwa na kwa sababu gani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba iandikwe hivyo.

Uwanja tumeusogeza. Mizizi ya mwembe imefukiwa kwa udongo, dimbwi limewekewa mfereji, na mstari wa kuachia njia umechorwa baada ya kona ya kwanza, na vibao vidogo vya mbao pale unapokutana na kila njia. Chokaa lakini huliwa na mvua. Jumamosi ijayo saa kumi na mbili asubuhi tunapima upya. Utepe uko kwa katibu. Nahitaji watu sita, na angalau wawili wawe ambao hawakuwepo mara ya kwanza.