Maoni ya vitabu yasigeuke majibu ya mtihani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze yaliyo moyoni mwangu kuhusu safu ya wasomaji wanaotoa maoni juu ya vitabu walivyomaliza kuvisoma hivi karibuni. Kwanza nakushukuru kwa kuianzisha, kwa sababu kurasa za mpira na siasa tulikuwa nazo tele, ilhali msomaji wa riwaya hakuwa na baraza la kukaa na wenzake. Hata hivyo, kila nikimaliza kuisoma safu hiyo hubaki na kero moja. Barua nyingi hunipa muhtasari wa kisa, kisha dhamira tatu au nne, kisha ujumbe, na mwishoni sentensi kwamba kitabu ni kizuri na kina mafunzo kwa jamii, lakini hazinielezi huyu aliyekisoma kilimpata wapi.

Najua mtindo huo ulikotoka. Sisi tuliopita sekondari tulifundishwa kukigawa kitabu katika fani na maudhui: upande mmoja muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, upande wa pili dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na mtazamo. Kwa mwanafunzi anayeanza, mgawanyo huo una faida, wala siupingi. Ila una udhaifu mkubwa: anaweza kuutumia hata mtu ambaye kitabu chenyewe hajakisoma. Nasema hivyo kwa kuwa nilifanya hivyo mwenyewe. Nikiwa shuleni nilijibu swali la Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert, kwa kutegemea daftari la uchambuzi lililokuwa likipita mkono kwa mkono bwenini, na nikapata alama nzuri. Ilinichukua zaidi ya miaka 30 kukirudia na kukisoma ukurasa kwa ukurasa, na hilo linaniuma, hasa kwa vile mwandishi huyo alizaliwa Vibambani mwaka 1909, mwendo mfupi tu kutoka hapa Tanga mjini ninapoishi.

Sasa nimekisoma, na nataka kusema jambo ambalo daftari lile lisingeliruhusu: nilichoka. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi, kila mmoja akarudi na jambo la kuifaa nchi yao ya kubuni, Kusadikika, kila mmoja akafungwa. Nilipofika kwa mjumbe wa nne nilikiweka kitabu kando siku mbili, kwa kuwa nilikwisha kujua yatakayompata. Nilipokirudia ndipo nilipotambua kwamba wanaosikiliza kule barazani nao wanayajua yatakayompata, na kwamba hoja ya Karama iko katika kule kurudiarudia, yaani hesabu ya wafungwa inavyozidi kuongezeka mbele ya watu wale wale waliowafunga. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1951, nchi ikiwa chini ya Waingereza, na aliyekiandika alikuwa mtumishi wa serikali yao. Nisingechoka, nadhani nisingeiona hoja hiyo.

Kitabu kilichonifanya nishike kalamu, lakini, ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ikatafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Nakala yangu imekwisha kuingia nyumba nne za mtaani kwetu. Watu wa riwaya hiyo, wenye maduka ya pwani, wapagazi na matajiri wa misafara ya bara, ni watu ambao katika maisha yao wangesema Kiswahili. Kwa hiyo nilipoisoma niliona kama mazungumzo yamerejeshwa kwa wenyewe. Yusuf anaondoka kwao akiwa na umri wa miaka 12, akimfuata mfanyabiashara Aziz ambaye amezoea kumhesabu kuwa jamaa, na ni Khalil, kijana mwenzake wa dukani, anayemfumbua macho kwamba hakuna ujamaa hapo: baba yake anadaiwa, naye amewekwa rehani. Neno hilo sisi hulitumia kwa shamba, kwa nyumba, kwa mkufu wa dhahabu. Nilipotambua kwamba safari hii kilichowekwa rehani ni mtoto, nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Tena kuna shati. Mke wa tajiri, Zulekha, anamtamani Yusuf, na kijana anapomkimbia shati lake linachanwa kwa nyuma. Msomaji aliyelelewa na kisa cha Nabii Yusuf, kama mimi niliyesimuliwa na mama yangu usiku wa Ramadhani, anaijua kanzu hiyo kabla hajafika mwisho wa sentensi, na anajua pia kwamba mpasuko wa nyuma ndio ushahidi wa asiye na hatia. Katika fani na maudhui jambo hili lingewekwa chini ya dhamira ya mapenzi, au ya nafasi ya mwanamke, na shati lenyewe lisingepata pa kukaa.

Mwisho wa riwaya ndio uliotugombanisha mtaani. Jeshi la Wajerumani linapita likikamata watu, Yusuf anajificha, kisha anatoka na kulikimbilia. Sisi wa Tanga askari wa aina hiyo hatuwasikii kama hadithi ya mbali, kwa sababu ni hao walioyarudisha baharini majeshi ya Waingereza yaliyotoka India, katika mapigano ya mji huu mwezi Novemba 1914. Jirani yangu, mama aliyewahi kufundisha shule ya msingi, anashikilia kwamba Yusuf amebadilisha bwana tu, na kwamba ni afadhali angebaki dukani alipojulikana kwa jina. Mimi namjibu kwamba kwa mara ya kwanza katika kitabu kizima miguu yake imekwenda bila ya kutumwa na mtu, hata kama inakokwenda ni kubaya. Tumezungumza hayo jioni tatu, na hakuna aliyemshawishi mwenzake.

Ndugu Mhariri, mazungumzo ya namna hiyo ndiyo ninayoyatamani kuyaona katika safu yako. Ombi langu ni kwamba uwahimize wanaokuandikia wataje mahali hasa walipokwama, walipokasirika au walipolazimika kurudia ukurasa, na kwamba wasomaji wawili wakihitilafiana juu ya kitabu kimoja uwape nafasi wote wawili, wiki hiyo hiyo, bila kuwapatanisha. Na kama yupo msomaji aliyemaliza Peponi, nitafurahi akinieleza kwa nini Yusuf alikimbia. Nimemwahidi jirani yangu kwamba jibu lolote litakalochapishwa nitampelekea, hata likiwa linamuunga mkono yeye.

Wako mwaminifu,
Msomaji, Chumbageni, Tanga