Watakaonyonga baiskeli hadi Urambo ni hawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwatambulishe kwa wasomaji watu 14 watakaoondoka hapa Tabora kwa baiskeli Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, kupitia Ndono na Usoke hadi Urambo, safari ya kilomita zipatazo 90, ili kuchangisha fedha za kununulia wanafunzi wenye ulemavu wa miguu baiskeli za magurudumu matatu. Katika shughuli za namna hii, habari inayochapishwa aghalabu hubeba jina la mgeni rasmi na kiasi cha hundi aliyoikabidhi, na waliotoka jasho huishia kuitwa washiriki. Majina siyaandiki, kwa kuwa baadhi yao wameniomba hivyo, lakini wameniruhusu nieleze kazi zao.

Yupo muuza maziwa wa Ipuli, ambaye kila alfajiri hufunga madumu mawili ya lita 20 kwenye keria na kuyazungusha mitaani. Katika mazoezi alituacha sote, na tulipomuuliza siri yake alijibu kwamba kunyonga baiskeli isiyo na mzigo kwake ni mapumziko. Yupo pia mzee wetu, mstaafu wa reli mwenye miaka 63, ambaye atapanda Phoenix yake nyeusi aliyoinunua ujanani na amekataa katakata kuazimwa baiskeli ya gia. Hatukubishana naye, upepo wa mchana utambishia kwa niaba yetu.

Wanawake ni watatu. Mmoja wao ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha Uyui, na ndiye aliyelileta wazo hili, baada ya kuona mara kwa mara mtoto akibebwa mgongoni na mama yake kwenda shule darasa la kwanza na la pili, kisha, anapokuwa mzito kuliko mgongo wa mama, akibaki nyumbani moja kwa moja.

Ninayetaka wasomaji wamfahamu zaidi ni fundi redio wa Ng'ambo, aliyepooza miguu kwa polio akiwa mtoto. Yeye ataongoza msafara kwa kilomita 12 za mwanzo akiwa juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, ambayo pedeli zake huzungushwa kwa mikono na mnyororo wake huvuta gurudumu la mbele. Alitaka kufika Urambo, na ilichukua vikao viwili kumshawishi ageuze njiani. Ametufundisha mambo ambayo sisi wenye miguu hatukuyajua: kwamba kwenye mchanga gurudumu la mbele huzunguka bure na mtu hubaki palepale mpaka apatikane wa kumsukuma, na kwamba baiskeli nyingi za msaada hukabidhiwa kwa picha na vigelegele bila tairi wala mnyororo wa akiba, zikapata pancha mbili tatu na kugeuka viota vya kuku. Kwa ushauri wake, sehemu ya michango itanunua vipuri na kuwalipa mafundi wa karibu na shule zitakazopokea baiskeli hizo.

Wengine ni walimu wawili, vijana wanne wa chuo, dereva wa bodaboda aliyeanza kwa kubeba abiria kwenye baiskeli, wanawake wawili wauza mboga, na fundi baiskeli atakayekaa mkiani na viraka, gundi, spoku na pampu. Mchangiaji huahidi kiasi kwa kila kilomita: anayeahidi shilingi 100, kwa mfano, atatoa shilingi 9,000 kwa mpanda baiskeli atakayefika.

Kwa madereva wa malori na mabasi ya njia hiyo tuna ombi moja. Honi ni ya kutufahamisha kwamba mnakuja, nasi tutajibana pembeni. Isiwe amri ya kututaka tuingie porini.

Na kwako, Mhariri: ikiwa mpigapicha wako atapata nafasi ya kuja mara moja tu, namwomba asije asubuhi wakati wa hotuba. Atusubiri Urambo jioni.

Mpanda baiskeli wa 14,
Isevya, Tabora